Mluzi wa Fundi

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu Masikio,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Hujambo huko? Kifua chako kimepona, au bado unakohoa vumbi la kanda za redio? Sisi huku hatujambo, ila kuna jambo moja, na ndilo lililonikalisha mezani.

Masikio yangu yanaondoka. Si utani. Wiki iliyopita daktari wa kiwanda aligonga chuma chenye meno mawili, akakisogeza karibu na sikio langu, akauliza kama nasikia. Nikamwuliza, "Nasikia nini?" Akaandika. Sikupenda alivyoandika upesi.

Anasema ni mitambo, miaka yote hiyo niliyokaa chumba cha kufumia. Sauti nyembamba hutangulia kuondoka: ndege, kengele ya baiskeli, mluzi. Halafu watoto, halafu wanawake, na wanaume mwisho. Nikamwambia, "Kwa hiyo hata kwenye uziwi mabwana ndio wa mwisho kunyamaza." Alicheka kidogo. Nilipomwuliza ni lini, akasema labda katikati ya mwaka, labda mwakani, yeye si mtabiri. Wamenihamishia chumba cha kukunja vitambaa. Ni kama kufunga zizi wakati ng'ombe wamekwisha kutoka.

Sasa ombi langu. Unakumbuka shemeji yako alivyokuwa na mluzi wake. Hukuwahi kuambiwa ulivyoanza. Mle chumba cha kufumia mtu hasikii hata mawazo yake. Tunasemezana kwa midomo na mikono, na ukimwona mwenzako ng'ambo ya mitambo anatabasamu, unajua kuna mtu kasengenywa. Nilikuwa mgeni, uzi wangu ukakatika, akaja fundi mwembamba na spana yake. Anafanya kazi huku midomo ameikunja kama anapuliza chai. Nikamwambia kwa midomo, "Chai imepoa." Hakuelewa. Nikamwonyesha mdomo wake. Akacheka, akaukunja tena. Alikuwa anapiga mluzi mahali ambapo hata yeye mwenyewe hausikii! Niliutazama wimbo ule wiki nzima kabla ya kuusikia. Siku nilipousikia ilikuwa nje ya lango, saa ya kutoka, mtu yuko nyuma yangu anapiga mluzi. Niligeuka nikiwa nimekwisha kujua ni nani.

Aliupiga mpaka kifua kilipomzidi. Nilimwuliza mara nyingi, "Wimbo gani huo, Fundi?" Jibu lake lilikuwa moja: "Ni wako." Ukimkazania, anauanza upya.

Siku ya mazishi sikulia, na mpaka leo sijalia. Uchungu upo. Umesimama ndani kama mgeni aliyekataa kiti. Sitaki makubwa, mdogo wangu. Nataka niusikie ule wimbo, hata mara moja, ningali na masikio. Wewe unakaa na nyimbo za nchi nzima ndani ya maboksi. Nimekuimbia kwenye kaseti hii ninavyoukumbuka. Cheka ukimaliza, halafu utafute.

Mimi dada yako.


Tarehe 26 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimebaki cha asubuhi tu. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikatafuta pa kukaa, nikaisoma tena. Pole, dada. Sina neno kubwa zaidi ya hilo. Mimi ndiye niliyezaliwa na haya masikio ya tembo, na wewe ndiye uliyenipa jina. Laiti yangekuwa yanaazimika.

Kaseti nimeisikiliza. Nakupenda, lakini kuimba tuwaachie wenyewe. Bosi wangu, tunamwita Mzee wa Kanda, alichungulia mlangoni akauliza ni nani anaburuta meza. Nilipomweleza, akavua kofia, akaomba radhi kwa kaseti. Kweli, akaiambia kaseti "samahani, mama".

Mwanzo unauweka vizuri: unapanda hatua tatu, unatua, unateremka taratibu. Baada ya hapo kila mara unapita njia nyingine. Nimeuandika kwa namna yangu kwenye karatasi na nimeubandika juu ya meza. Ghala letu liko chini ya ngazi za jengo la redio, chumba kirefu kisicho na dirisha, na kanda zimepangwa kuanzia sakafuni mpaka darini. Nyingine hazina hata jina. Nimeanza na bendi za zamani, zile za enzi ulipoingia kiwandani.

Hapa watu huja kila mara kutafuta nyimbo, dada. Wiki jana alikuja mzee mmoja mnene, amevaa suti, anataka mlio uliokuwa ukipigwa zamani kabla ya taarifa ya habari. Si wimbo, ni mlio tu wa parapanda. Tulipompigia, akashika rafu kwa mikono miwili, akalia kama mtoto. Akasema baba yake alikuwa akiwanyamazisha wote mlio ule ukianza. Mzee wa Kanda akampa kiti. Baadaye akaniambia, "Wimbo ni kama harufu kwenye shati la mtu. Pua haiulizi shati lilinunuliwa bei gani." Niliyaandika maneno hayo yasinipotee.

Nisaidie: Fundi alikulia na redio? Alikuwa anaupiga hasa wakati gani? Na mbona usimwulize mama mkwe wako? Mnakaa nyumba moja, na yeye ndiye aliyemzaa.

Mdogo wako,
Masikio.


Tarehe 17 Machi

Mdogo wangu Masikio,

Marahaba. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi mwilini sina neno. Mwambie Mzee wa Kanda nimeipokea radhi yake, lakini meza zetu huku haziburutwi, zinabebwa.

Mama mkwe siwezi kumwuliza. Tangu mazishi, mimi na yeye tunapeana chumvi na funguo tu. Mwezi uliopita alisimama uani na jirani yetu mshonaji, mimi niko dirishani. Akasema, "Macho makavu, moyo mkavu. Mwanangu aliishi na gogo." Alinitazama akadhani sisikii. Ni kweli sikusikia. Nilimsoma midomo. Sasa huyo nimwendee nimwambie, "Mama, nisaidie kutafuta mluzi"? Ataona gogo limeanza mizaha.

Unauliza alikuwa anaupiga wakati gani. Popote, lakini hasa wakati wa kulala. Tulipooana tulinunua kitanda cha mbao kilichotumika, kizuri, cha kuchongwa, kumbe kimekuja na wenyeji wake. Bibi harusi mzima najikuna kama mbuzi! Fundi akashuka na taa, akawa anapaka mafuta ya taa kwenye viungo vya kitanda, anapiga mluzi, anacheka peke yake. Nikamwuliza, "Unacheka nini?" Akasema, "Nacheka wimbo wako." Tangu siku hiyo hakuna taa iliyozimwa katika chumba chetu bila mluzi kwanza. Tukigombana, anapanda kitandani bila kusema neno, ananigeuzia mgongo, kimya. Halafu unausikia huo, hatua tatu, unapanda. Unacheka hata kama hutaki. Ugomvi gani utaendelea hapo?

Kuhusu redio, alilala miaka miwili bweni la makapera la kiwanda, na pale palikuwa na redio moja haizimwi. Zaidi ya hapo sijui.

Unajua mimi na shajara yangu. Siku hizi kila jioni naandika sauti iliyoondoka, kama matangazo ya vifo. Jumanne, kifuniko cha birika. Jumamosi, ufagio wa jirani. Leo nimeandika kitasa cha mlango wetu. Nilikiona kikizunguka, mama mkwe akaingia, na sikusikia kitu.

Mluzi bado ninao kichwani. Naurudia kila siku nikikunja vitambaa, usije ukatoroka. Fanya haraka.

Dada yako.


Tarehe 11 Aprili

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, mimi sijambo.

Nimeupata. Ndio huu kwenye kaseti, upande wa kwanza. Ni wa bendi moja ya zamani, jina halikuandikwa kwenye boksi. Mwanzo umepigwa kwa filimbi, nadhani ndiyo maana Fundi aliupiga kwa mluzi. Utasikia hatua zako tatu. Mwimbaji anamwambia mpenzi wake asifunge mlango, yuko njiani, ni safari tu imekuwa ndefu. Ni wimbo mzuri sana, dada. Unakufaa.

Usikilize ukiwa umetulia. Kazi zimenibana, nitaandika marefu baadaye.

Mdogo wako.


Tarehe 4 Mei

Mdogo wangu Masikio,

Hujambo? Mbona barua yako ilikuwa fupi hivyo? Usijichoshe na kazi ukasahau kula. Sisi wazima.

Kaseti ilifika salama. Nilingoja Jumapili. Nilioga, nikavaa gauni la bluu ambalo Fundi alilipenda, nikaweka redio mezani, sauti mwisho, nikainamisha sikio la kushoto, maana la kulia limekwisha kufunga. Kwa sauti ile nyumba nzima ilijua. Mama mkwe akatoka chumbani, mshonaji akaja na sindano yake mdomoni. Wakasimama.

Filimbi ile ikaanza. Mama mkwe alikaa chini, chini kabisa, sakafuni, akalia mpaka kitambaa chake cha kichwa kikalowa. Mshonaji naye akalia, na yeye alimjua Fundi kwa kutengenezewa cherehani tu. Hata mtu aliyeleta mkaa alisimama mlangoni akaondoka pole pole.

Mimi sikulia. Nilingoja. Nilikuwa kama mtu aliyekwenda kumpokea mgeni stesheni, abiria wote wakashuka, wakakumbatiwa na watu wao, gari likaondoka. Wimbo ulipoisha mama mkwe alinitazama. Safari hii hakujificha. Akasema, "Hata huu?"

Nikajiambia ni masikio. Nikausikiliza kila siku nikitoka kazini. Nilitaka kuulazimisha uingie ndani ya ule wangu. Hatua tatu zipo, ni kweli, lakini halafu unakwenda kwingine, unapanda badala ya kuteremka. Nikasema, basi mimi ndiye niliyekosea, mdogo wangu ni mtu wa kazi hiyo, na kanda haidanganyi.

Sasa sikiliza kilichotokea. Wiki iliyopita nilikuwa nakunja vitambaa, nikautafuta mluzi wa Fundi kichwani, kama ninavyofanya siku zote. Ikaja filimbi. Nikarudi mwanzo, ikaja filimbi. Nimejaribu kulala nao, nimejaribu kuusema kwa midomo mbele ya kioo. Ule haupo tena. Huu mzuri umeumeza.

Labda haukuwahi kuwa kama nilivyoukumbuka. Labda mama mkwe anasema kweli, na mtu aliyempenda mumewe angelia pale. Nashukuru, mdogo wangu, ulihangaika sana kwa ajili yangu. Kitanda nimemwambia fundi seremala aje akione, nafikiri kukiuza. Kitanda kikubwa cha nini.

Shajara ya jana: maji yanayochemka.

Dada yako.


Tarehe 21 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri. Nimeandika barua hii mara tatu nikaichana. Hii ya nne naipeleka posta kabla sijaisoma tena.

Usiuze kitanda. Wimbo niliokutumia si wenyewe.

Hukukosea popote. Barua yako ya Machi nilimsomea Mzee wa Kanda sehemu ya kitanda, ile ya bibi harusi kujikuna. Hakunisubiri nimalize. Alipiga kelele, "Kunguni! Mbona hukusema mapema?" Akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya matangazo ya biashara, mahali ambapo mimi nisingekanyaga, akarudi na kanda ndogo. Ni tangazo la dawa ya kunguni, dada. Lilikuwa likipigwa kila jioni miaka ile. Anaanza mtu kwa mluzi, hatua tatu, anatua, anateremka, kama ulivyoimba. Halafu wanaingia wanawake wawili:

Lala, lala, usijikune,
wageni wako leo wahame.
Puliza mara moja tu,
kitanda chote, chako tu!

Tulicheka, mimi na Mzee, mpaka mlinzi akaja. Nikasema, shemeji kweli alikuwa mchekeshaji, miaka yote hiyo anambembeleza dada kwa dawa ya kunguni. Nikaanza kukurekodia. Ulipofika mstari wa mwisho mkono wangu ukasimama. Kitanda chote, chako tu. Nikakuona umelala upande wako, na upande wa pili mtupu, na hao wanawake wanakuimbia kwa furaha. Nikasema hili siwezi kumpelekea mjane. Nikatafuta wimbo mwingine wenye mwanzo unaofanana, na maneno ya heshima. Mzee wa Kanda alikataa. Alinikumbusha shati. Nilimwambia huyu ni dada yangu, namjua. Akasema, "Unamjua dada yako. Mluzi ni wa mumewe."

Nilidhani utalia kidogo, utapoa, na mambo yatakwisha. Nilipoipata barua yako ya Mei sikuweza kula. Nilitaka kukuepusha na kidonda, kumbe nimekunyang'anya kitu chenyewe.

Kaseti hii ndiyo. Nimelirudia tangazo upande mzima ili usihangaike kurudisha nyuma. Usikilize leo hii, dada, kwa sikio la kushoto. Halafu nitukane upendavyo.

Mdogo wako.


Tarehe 30 Julai

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Sijapata jibu. Nimeuliza posta, wanasema mzigo ulifika na ulichukuliwa. Nilitaka kupiga simu kiwandani wakuite, nikakumbuka.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata matusi.

Mdogo wako.


Tarehe 9 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini u mzima. Mimi mzima. Kimya changu kilikuwa cha hasira, si cha ugonjwa, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Sikio la kushoto lilifunga wiki ya kwanza ya Juni. Niliamka nikadhani mvua imekatika, nikafungua dirisha, mvua inanyesha. Barua yako ina tarehe ishirini na moja. Ungeileta kaseti hii Aprili ningeusikia kwa raha zangu. Ungeileta hata Mei, palikuwa bado na upenyo. Nakwambia ili ujue, maana kulificha ndiko kulikotufikisha hapa. Niliisoma barua, nikaitia kaseti kwenye droo pamoja na spana ya Fundi. Sikutaka kuiona wala kukuandikia. Maneno ya tangazo niliyasoma kama mtu anavyosoma maelezo ya dawa. Bila sauti yake yalikuwa wino tu.

Jumapili iliyopita nilikuwa uani nafua. Nikaingia ndani kuchukua sabuni, nikamkuta mama mkwe mbele ya redio, amenipa mgongo. Anaupenda ule wimbo wako wa uongo. Kila Jumapili huukalia na kuulilia. Siku hiyo hakuiona kaseti yake, akafungua droo, akachukua iliyokuwemo. Nikaona mgongo wake umeganda. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Nikasema, haya, ameanza. Nikazunguka nimpite.

Alikuwa anacheka. Machozi yanatiririka, amejishika mbavu, anacheka na anaimba pamoja na redio. Masikio, mimi nimesoma midomo ya watu maisha yangu yote. Lala, lala, usijikune. Nilisimama na mikono ya povu nikausoma mstari kwa mstari, na ulipokwisha ukaanza tena, maana wewe ulilirudia upande mzima. Asante kwa hilo.

Akaniona. Akasema, taratibu, akinitazama usoni bila ukali kwa mara ya kwanza tangu mazishi: "Umeutoa wapi huu?" Nikamwambia ndio mluzi wa Fundi, ndio niliokuwa nautafuta tangu Februari. Akapiga paja. "Ndio huu? Mbona hukuniuliza?"

Akanieleza. Fundi alipokuwa akilala bweni la makapera, kunguni walimla mpaka akawa na madoa kama chui. Kila Jumapili akija nyumbani anajikuna, na mama yake anamwimbia tangazo hilo kumtania, mbele ya wageni, mbele ya wasichana. Alikuwa anakasirika, anatoka nje. "Nilidhani aliuchukia," mama mkwe akasema. "Miaka yote mluzi wake nilikuwa nausikia kwa mbali ukutani, sijui ni huo. Masikio yangu nayo ya kizee." Basi na yeye alikuwa hajui, mdogo wangu. Yule mtu alichukua utani wa mama yake akaja kuulaza kitandani kwangu, na hakumwambia yeyote kati yetu.

Nikamwambia, "Mama, mimi siusikii." Nilikuwa sijawahi kumwambia kwa kinywa changu. Alijua, kama watu wanavyojua, lakini hatukuwahi kuambizana. Kisha akanivuta nikae mbele yake, goti kwa goti, akarudisha kaseti mwanzo, akasubiri, akaikunja midomo akafuatisha mluzi.

Sijui nikueleze vipi. Miaka yote ile nimekaa na mama huyu, nimemwona akila, akisema, akinuna. Sikuwahi kumwona akipiga mluzi. Fundi alikuwa na namna yake: pembe ya kushoto ya mdomo inapanda kidogo, kama anayetaka kucheka akajizuia, na nyusi zinanyanyuka kila anapopanda hatua. Ndiyo hiyo hiyo. Mdomo ule aliuchukua kwa mama yake. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, akatua, akateremka. Nilimwona kama nilivyomwona siku ya kwanza kabisa, ng'ambo ya mitambo, anapuliza chai, na hakuna sauti hata moja. Na mwanzoni sikuhitaji sauti, unakumbuka?

Nikalia. Nililia vibaya, kwa kelele nadhani, maana mshonaji alikuja mbio. Nilimwona akiuliza kuna msiba gani, na mama mkwe akimjibu juu ya kichwa changu, "Ule ule." Alinishika kichwa akakiweka kifuani pake. Nilihisi kifua kinatetemeka shavuni mwangu. Sijui kilikuwa kilio au ni wimbo, sikumwuliza.

Sijakusamehe yote. Ile filimbi yako bado ipo kichwani, na mluzi haujarudi, nadhani hautarudi. Ninaujua kwa macho tu. Usinitumie nyimbo tena. Nitumie habari zako, kikohozi chako, na yanayosemwa na Mzee wa Kanda. Mwambie alisema kweli kuhusu shati.

Seremala alikuja kwa ajili ya kitanda, mama mkwe akamfukuza. Jioni akizima taa husimama kwanza mlangoni ili nimwone, anakunja midomo, halafu ndipo giza. Bado nalala upande wangu. Kitanda chote ni changu, ndivyo wanavyoimba, lakini hawakusema nianze lini.

Dada yako.